Mazutu, franka na gunia la unga: majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

Barua zilizotufikia kutoka Lubumbashi zinauliza jambo moja kwa midomo mingi: nchi kama Kongo yetu, inayochimba shaba kiasi hiki, mbona bei za dunia zikitikisika yenyewe hutikisika zaidi ya wengine? Tumechagua saba. Walioandika tunawataja kwa kazi na mahali wanapokaa tu.

Vita iko Ulaya. Kwa nini gunia la unga lipande hapa? — Mama muuza unga, komini ya Kenya hapa Lubumbashi

Mama, tufuate lori. Lori lililobeba tani 30 hula kama lita 45 za mazutu (dizeli) kila kilomita 100. Kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 2,000, basi ni lita 900 kwa kuja. Likirudi tupu linakula kama lita 30 kwa kilomita 100, yaani 600 nyingine. Jumla lita 1,500. Sasa mazutu ikipanda senti 30 za dola kwa lita, safari nzima imeongezeka dola 450. Gawa kwa tani 30, unapata dola 15 kwa tani. Kwa gunia la kilo 25 nyongeza haifiki hata senti 40 za dola. Na mahindi ya Zambia yanatembea njia fupi zaidi ya hiyo, kwa hiyo nyongeza yake ni ndogo zaidi. Mtu akikuambia gunia limepanda dola 5 kwa sababu ya mazutu peke yake, hesabu inamkatalia.

Sehemu kubwa inaingia kwa milango mingine. Wa kwanza ni mbolea. Mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa gesi, na Urusi ni muuzaji mkubwa wa gesi na wa mbolea yenyewe. Vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza Februari 2022, gesi na mbolea zilipanda pamoja na mafuta, ambayo mwezi Machi yalipita dola 120 kwa pipa. Mkulima wa Zambia aliyenunua mbolea ghali hupandisha bei wakati wa kuvuna, yaani miezi mingi baada ya habari za vita. Ndiyo maana unga unaweza kupanda wakati mafuta yameanza kushuka, na watu wakadhani wanaibiwa.

Mlango wa pili ni mvua. Ukame wa msimu wa 2023/24 uliikata Zambia mavuno ya mahindi kwa karibu nusu, na tarehe 29 Februari 2024 serikali yake ikatangaza janga la taifa. Nchi yenye njaa hufunga ghala lake kwanza. Katanga inayotegemea ghala hilo hubaki kugombania kidogo kilichovuka.

Wa tatu ni mpaka. Agosti 2024 Zambia ilifunga Kasumbalesa kwa siku chache kufuatia mvutano uliotokana na Kongo kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka nje. Lori lililosimama halili mazutu nyingi, lakini dereva analipwa, mkopo wa lori unahesabu siku, na mwenye mzigo anaongeza yote hayo kwenye bei.

Wa nne ni kinu. Chukua mota ya kilowati 15 inayosaga kilo 300 kwa saa. Ukiiendesha kwa jenereta, na kila lita ya mazutu ikitoa kilowatisaa tatu hivi, unachoma lita 5 kwa saa. Hiyo ni karibu lita 0.4 kwa gunia la kilo 25, zaidi ya mazutu ambayo gunia lilikula barabarani likitoka Zambia. Umeme ukikatika mjini, unga unapanda hata kama barabara haina tatizo. Hapo ndipo nishati na bukari (ugali) vinapokutana.

Mlango wa tano ni dola, nao tunaujibu chini.

Serikali ikisema imezuia bei ya esansi (petroli) isipande, nani analipa tofauti? — Dereva wa teksi, Kampemba

Analipa mlipa kodi, lakini kwa kuchelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakoumiza.

Kwetu bei ya pampu haiachiwi soko. Wizara ya Uchumi hutoa jedwali la bei kwa kila ukanda wa nchi, na Lubumbashi iko ukanda wa Kusini. Ndani yake kuna bei ya kununua nje, usafiri na kuhifadhi, faida ya kampuni, kodi, na kiwango cha dola kilichotumika kugeuza yote kuwa franka. Jedwali likionyesha gharama fulani na serikali ikaamuru pampu iuze chini yake, pengo linaandikwa kama deni la serikali kwa kampuni za mafuta. Makaratasi ya wizara huliita *manque à gagner*, yaani mapato yaliyokosekana. Linakaguliwa, linajadiliwa, linalipwa baada ya miezi.

Kampuni inayodai serikali fedha nyingi huanza kuagiza kidogo, kwa sababu muuzaji wa nje anataka dola zake leo. Hapo kituo kinakauka, foleni inaanza, na esansi inahamia kwenye bidoni kando ya barabara kwa bei isiyo ya jedwali lolote. Kwa hiyo bei iliyozuiwa inabaki kwenye karatasi, wewe unanunua ya bidoni, na deni bado liko. Ruzuku ya kila lita ina kasoro nyingine pia: anayechoma nyingi ndiye anayepewa nyingi. Mwenye gari tatu hupata zaidi sana ya mama anayepanda teksi-bisi.

Tazama wengine walivyofanya. Ufaransa mwaka 2022 iliwekea bei ya umeme wa nyumbani kizingiti, isipande zaidi ya asilimia 4. Raia walipumua, hazina ililipa sana, na sababu ya mtu kupunguza matumizi ikapungua. Ujerumani iliyokuwa ikipata zaidi ya nusu ya gesi yake kutoka Urusi ilifanya kwa namna nyingine mwaka 2023: kila nyumba ilihesabiwa asilimia 80 ya matumizi yake ya zamani kwa senti 12 za yuro kwa kilowatisaa, na kinachozidi hapo kikalipiwa bei kamili ya soko. Masikini hakuachwa kwenye baridi, lakini kila kilowatisaa aliyoiokoa ilimrudishia fedha halisi. Tunauona huo kuwa mpango bora zaidi uliotokea katika msukosuko ule.

Hapa Lubumbashi hatuna mita kwenye tangi la kila gari. Lakini teksi-bisi zina njia zinazojulikana na lori za chakula zina hati za mzigo. Msaada ungeweza kulipwa kwa hao, kwa kiasi kinachotajwa kwenye bajeti na kulipwa ndani ya mwezi, huku bei ya pampu ikifuata jedwali. Ingeuma siku ya kwanza. Foleni zingekuwa fupi.

Kwa nini Benki Kuu isichape franka za kutosha kutupandishia mishahara hadi bei zitulie? — Mwalimu, Katuba

Papa mwalimu, jambo hilo lilifanywa hapa hapa, na wengi wa umri wako walilionja.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Miaka michache baadaye uzalishaji ulikuwa umeanguka chini ya tani 50,000. Serikali iliyozoea dola za shaba haikupunguza matumizi, ikaendesha mashine ya kuchapa. Noti ya milioni 5 za zaire, fedha ya wakati ule, ilipotolewa, wafanyabiashara waliikataa, na wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakafanya ghasia Januari 1993. Oktoba mwaka huo ikaja zaire mpya, moja ikiwa sawa na za zamani milioni 3. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 9,800.

Kuna kipande cha historia hiyo ambacho tungependa kifundishwe darasani. Mkoa wa Kasai ulikataa zaire mpya na kuendelea na noti za zamani, zilizochakaa. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akichapa tena noti hizo, idadi yake haikuongezeka, na thamani yake ilishikilia vizuri zaidi kuliko fedha mpya ya Kinshasa. Nchi ileile, serikali ileile, shida zilezile. Kilichotofautiana ni wingi wa noti.

Dawa ilikuja Mei 2001: kiwango cha dola kikaachiwa soko, bei ya mafuta nayo ikaachiwa wakati ule, na hazina ikalazimika kutumia kile tu ilichokusanya. Mfumuko uliokuwa umepita asilimia 500 mwaka 2000 ulishuka hadi karibu 16 mwaka 2002. Mishahara haikutosha, hilo hatulifichi, lakini mshahara wa mwezi ulianza kufika mwisho wa mwezi ukiwa bado na thamani.

Mfano wa nje upo pia, na ni wa juzi. Wakati nchi nyingi zilikuwa zikipandisha riba, Uturuki iliishusha kutoka asilimia 19 Septemba 2021 hadi 8.5 Februari 2023. Oktoba 2022 mfumuko wake ulifika asilimia 85. Mwishowe ililazimika kupandisha riba hadi asilimia 50, Machi 2024. Marekani iliyoanza kupandisha riba Machi 2022 na kufika zaidi ya asilimia 5 mwaka uliofuata ilishuhudia mfumuko wake ukishuka kutoka kilele cha asilimia 9.1 bila kwenda mbali hivyo.

Kwetu riba peke yake ina mkono mfupi, na hapa wachambuzi wanaonakili vitabu vya Ulaya hukosea. Karibu asilimia 90 ya amana katika benki zetu ni fedha za kigeni. Benki Kuu ya Kongo ilipopandisha riba yake kutoka asilimia 11 hadi asilimia 25 mwezi Agosti 2023, mkopo wa dola wa mfanyabiashara wa Lubumbashi haukuguswa sana. Kinachobana kweli ni mambo mawili: kuondoa franka zilizozidi kwenye mabenki, kwa kuyauzia hati za dhamana na kuyadai akiba ya lazima, na hazina kutolipa wakandarasi kwa mkupuo mkubwa wa franka. Mkandarasi anayelipwa franka Ijumaa huwa kwa kambisti (mbadilisha fedha) Jumatatu. Ukiona dola imeruka ghafla bila shaba kushuka wala mafuta kupanda, tafuta kwanza nani amelipwa wiki hiyo.

Dola ilishuka, bei sokoni hazikushuka. Wafanyabiashara wanatudanganya? — Mama wa nyumbani, Ruashi

Baadhi ndiyo. Lakini sababu si moja.

Septemba na Oktoba 2025 dola ilishuka kutoka zaidi ya franka 2,800 hadi chini ya 2,500. Mwenye duka aliyejaza ghala Agosti alinunua kwa dola ya ghali, na akiuza kwa bei mpya hawezi kujaza tena. Subiri mzunguko mmoja wa mzigo: wiki mbili kwa nyanya na mafuta ya kula ya rejareja, miezi miwili au mitatu kwa bidhaa zinazopitia baharini. Ukipita muda huo bila bei kusogea, basi ni faida inayolindwa.

Sababu ya pili ni hofu. Mfanyabiashara aliyeona franka ikianguka mwaka baada ya mwaka haamini kupanda kwa wiki tano. Anaweka bei ya dola anayoiogopa badala ya ile anayoiona. Hofu hiyo hupungua taratibu, kiwango kikitulia kwa muda mrefu bila vituko. Benki Kuu ikikishusha kwa kishindo na kukiacha kirudi juu, inaiongeza.

Na kumbuka upande wa pili: anayelipwa dola na kutumia franka aliumia mwezi huo. Dola 100 zilizonunua kitu cha franka 280,000 hazikukinunua tena. Ndiyo maana hata waliokuwa na dola walilalamika.

Njia ya kupima bila kugombana ni kuandika bei ya vitu vitatu kwa duka lile lile kila Jumamosi, pamoja na kiwango cha kambisti cha siku hiyo: kimoja kinachotoka nje kabisa, kama mchele, kimoja cha Zambia, kama unga, kimoja cha hapa, kama makala (makaa ya kupikia). Baada ya miezi miwili utaona kipi kinafuata dola na kipi kinafuata kitu kingine. Makala, kwa mfano, hufuata mvua na delestaji (kukatwa umeme kwa zamu): barabara za vijijini zikiharibika na umeme ukikatika, hupanda hata dola ikilala.

Shaba ikiwa ghali nchi inapata dola nyingi. Kwa nini basi bei za dunia zinatuumiza? — Mwanafunzi wa uchumi, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Kwa sababu shaba na mafuta havisubiriani.

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipokata mafuta, pipa lilitoka dola 3 hivi hadi karibu 12 kwa miezi michache. Zaire, jina la nchi yetu wakati ule, haikuhisi mara moja kwa kuwa shaba nayo ilikuwa ikipanda hadi Aprili 1974. Kisha shaba ikaporomoka hadi chini ya nusu ya kilele chake, mafuta yakabaki juu. Agosti 1975 vita ya Angola ikafunga reli ya Benguela, njia fupi ya shaba kufika baharini. Na wakati huohuo nchi ilikuwa imejifunga kwa mikopo mikubwa, ukiwamo ule wa njia ya umeme ya Inga mpaka Katanga. Mwaka 1976 deni lilipelekwa Paris kupangwa upya. Angalia mpangilio wake: uamuzi mbaya ulifanywa wakati wa neema, bei ilipokuwa juu na kila mtu akiamini itadumu.

Chile, nchi ya shaba kama sisi, ilijifunga kamba mapema. Tangu 2001 bajeti yake hupangwa kwa bei ya shaba ya muda mrefu inayokadiriwa na kamati ya wataalamu walio nje ya serikali. Shaba ikipita bei hiyo, ziada inawekwa akiba. Mfuko wao wa utulivu ulipata umbo lake la sasa mwaka 2007, na mwaka 2009, dunia ilipokwama, walichota humo zaidi ya dola bilioni 9 kulipa misaada bila kwenda kuomba.

Sisi tuna vipande vya jengo hilo bila paa. Sheria ya madini ya 2018 inataka kampuni zirudishe nchini asilimia 60 ya mapato ya mauzo ya nje wakati zinarudisha mtaji wao, na yote baada ya hapo. Imeweka mrabaha (malipo kwa ajili ya madini yanayotolewa) wa asilimia 3.5 kwa shaba na 10 kwa madini ya kimkakati kama kobalti. Imeweka pia kodi ya asilimia 50 kwa faida ya ziada, bei ikipanda zaidi ya asilimia 25 juu ya ile iliyokadiriwa kwenye upembuzi wa mradi. Asilimia 10 ya mrabaha inakwenda kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Huo mfuko ni wa siku migodi itakapoisha. Ukiugusa kulipia esansi ya leo unamnyang'anya mtoto. Kinachokosekana ni mfuko mwingine, wa dharura, unaolishwa na ile kodi ya faida ya ziada, wenye kanuni ya kujaza na kanuni ya kuchota zilizoandikwa kabla ya shida kuja.

Ngao inayoonekana kwa sasa ni akiba ya Benki Kuu. Mwaka 2020 ilikuwa chini ya dola bilioni 1, haitoshi hata mwezi mmoja wa manunuzi ya nje. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa zaidi ya bilioni 6. Sehemu ilitoka kwa mgao wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa Agosti 2021, karibu bilioni 1.5, na kwa programu iliyosainiwa nalo mwaka huo huo. Ndiyo maana msukosuko wa 2022 na 2023 uliumiza lakini haukuangusha. Sri Lanka, ambayo dola zake zilikuwa zimekauka, ilishindwa kulipa deni mwaka 2022 na kugawa mafuta kwa pasi ya kielektroniki. Kipimo kinachokubalika ni akiba ya miezi mitatu ya manunuzi. Ukisoma taarifa ya Benki Kuu, itafute namba hiyo kwanza kabla ya kiwango cha dola.

Ninauza samaki wa friji. Umeme unakatika, jenereta inakula faida yote. Nifanye nini, na kwa nini tuko hivi wakati Inga ipo? — Muuza samaki, Kamalondo

Tuanze na Inga. Inga I ya mwaka 1972 na Inga II ya 1982 zina megawati 1,775 kwa pamoja zikiwa nzima. Ziko magharibi kabisa, na umeme wake huja kwetu kwa njia ya kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi, iliyojengwa kubeba megawati 560. Mabwawa ya hapa karibu, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, Mwadingusha na Koni kwenye Lufira, yalijengwa na wakoloni kwa ajili ya migodi ya wakati wao, na migodi ya leo ni mikubwa zaidi mara nyingi. Pengo hilo huzibwa kwa kununua Zambia. Zambia yenyewe hutegemea maji kwa zaidi ya asilimia 80, na mwaka 2024 Kariba ilipokauka watu wake walikaa gizani saa nyingi kila siku. Mgodi uliokosa umeme wa Zambia huwasha jenereta kubwa, nao huingia kwenye foleni moja na wewe kununua mazutu. Ukame wa bonde la Zambezi unafika hivyo hadi kwenye bei ya samaki wako.

Brazili ilikutwa na hali kama hiyo mwaka 2001, mabwawa yakiwa matupu. Badala ya kukata ovyo, kila nyumba ilipewa kiwango chake, pungufu ya asilimia 20 ya matumizi ya zamani. Waliotumia chini ya kilowatisaa 100 kwa mwezi hawakulazimishwa, na walipewa zawadi wakipunguza. Waliozidi 200 walitozwa zaidi. Nchi ilivuka hadi Februari 2002 bila kukata umeme kwa zamu mitaani. Mita za kulipia kabla zinaruhusu jambo hilo hapa pia. Mtu akijua saa zake na kiwango chake, anapanga kazi.

Sasa friza yako. Friza ya lita 200 iliyo nzima hula kilowatisaa 1 hadi 1.5 kwa siku. Jenereta ndogo ya esansi ya kVA 2 huchoma karibu nusu lita kwa saa hata ikiwa na friza peke yake. Ukiiwasha kwa muda wa saa 8, umechoma lita 4 kupata kilowatisaa moja ambayo jenereta iliyobeba mzigo unaoifaa ingetoa kwa lita moja. Faida yako inapotelea hapo.

Hatua ya kwanza haigharimu karibu kitu. Tengeneza maji ya chumvi, gramu 150 kwa lita moja, ujaze chupa za plastiki hadi robo tatu kwa sababu yanavimba yakiganda. Huganda kwenye nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, wakati maji matupu huganda kwenye sifuri, ambapo samaki ameshaanza kulainika. Panga lita 20 kando ya kuta na juu ya samaki, ukiacha nafasi hewa ipite. Usiingize chupa zote ambazo hazijaganda siku moja. Tano kwa siku zinatosha, la sivyo kompresa itazunguka usiku kucha na samaki watapata joto. Chupa zikishaganda, washa jenereta kwa muda wa saa mbili asubuhi mapema na saa mbili nyingine jioni, na uchaji simu za wateja kwa saa hizo hizo ili mzigo ujae. Fungua friza kwa zamu, si kila mteja akija. Na badilisha raba ya mlango: karatasi ikibanwa mlangoni ikatoka bila kuvutwa kwa nguvu, raba imekufa.

Ukiwa na mtaji, nenda kwa jua. Kwa kilowatisaa 1.2 kwa siku, miezi ya mvua ikikupa saa 4 za jua kamili na asilimia 30 ikipotea njiani, unahitaji wati 430. Paneli mbili za 250 zinatosha. Betri ya lithiamu ya volti 24 na ampea-saa 50 inavusha usiku mmoja. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kawaida wa nyumbani, iwe ya wati 1,000 yenye wimbi safi. Zile za bei nafuu zenye wimbi la ngazi huchemsha kompresa, na fundi wa friza atakuambia imeungua kwa sababu ya SNEL, shirika la umeme. Kebo ya betri kwenda inveta iwe ya milimita za mraba 16, isizidi mita 2, na fyuzi ya ampea 60 karibu kabisa na betri. Betri ya gari usiinunue kwa kazi hii. Imetengenezwa kutoa nguvu ya kuwasha injini kwa sekunde chache. Ukiimaliza kila usiku, miezi michache nayo imekwisha.

Tuna likelemba (kikundi cha kuchangiana kwa zamu) ya watu kumi na wawili. Tukusanye franka au dola? — Mweka hazina wa kikundi, Annexe

Mkusanye kwa fedha ambayo mpokeaji ataitumia. Anayesubiri zamu ya kumi na mbili kwa franka anabeba mwaka mzima wa hatari, wa kwanza habebi chochote. Hilo si haki kwa kikundi cha watu wanaoaminiana. Mkibaki na franka, andikeni mchango kwa kiasi cha unga, tuseme bei ya gunia moja la kilo 25 siku ya kukusanya, na kila mmoja alete franka zinazolinunua. Mkienda kwa dola, kagueni kila noti mchana, mbele ya wote: iliyochanika hata kidogo pembeni, iliyoandikwa kalamu au yenye mhuri, irudishwe hapo hapo kwa aliyeileta, maana kambisti ataikataa au ataikata bei, na hasara itamwangukia aliyepokea siku hiyo.